Nianzie wapi kulisoma jumba la Colony Club?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa usanifu majengo hapa Dar es Salaam. Tumepewa kazi ya kuchambua jumba moja la kihistoria la klabu lililojengwa kwa mtindo wa Kijoji mamboleo, nami nimechagua Colony Club ya New York. Picha ninazo, maelezo ninayo, lakini kila nikilitazama naona ukuta wa matofali mekundu na safu za madirisha, basi. Nianzie wapi? Na hawa wasanifu wa karne ya 20 waliojenga kama watu wa karne ya 18, je, hawakuwa wananakili tu?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Umechagua vizuri, ila kwanza hakikisha picha zako ni za jengo lipi, maana klabu hiyo ilijenga mara mbili. Jumba la kwanza liko namba 120 Madison Avenue. Ni kazi ya Stanford White wa kampuni ya McKim, Mead & White; ujenzi ulianza 1904 na klabu ikafungua milango 1907. Haikuchukua miaka mingi likawa dogo, klabu ikahamia namba 564 Park Avenue, kwenye kona ya mtaa wa 62, katika jumba lililochorwa na Delano & Aldrich na kukamilika 1916. Ni rahisi kuyachanganya. Yote mawili ni ya matofali mekundu na yote mawili hutajwa kuwa ya Kijoji mamboleo, ingawa lile la kwanza wengine huliweka kwenye mtindo wa Kifederali, yaani ule wa miaka ya mwanzo ya jamhuri ya Marekani. Usimalizie kurasa zako kwenye ubishi huo. Yachukue yote mawili, kwa sababu jambo linalokutatiza kwenye moja utalielewa ukiliweka kando ya jingine.

Jibu langu kwa ufupi ni hili: lisome jumba hilo kama nyumba ya familia tajiri ambayo ndani yake imeshindiliwa taasisi nzima. Kazi kubwa ya msanifu ilikuwa kuubeba mzigo huo bila uso wa nyumba kuharibika, na alama za kazi hiyo ziko kwenye ukuta huohuo ambao kwa sasa unauona mtupu.

Mtindo wenyewe wa Kijoji, ambao karne ya 20 iliufufua kwa jina la Kijoji mamboleo, unachukua jina lake kwa wafalme wanne wa Uingereza walioitwa Joji, waliofuatana kuanzia 1714 hadi 1830. Nyuma yao yuko Mwitaliano Andrea Palladio, ambaye mafundisho yake yalichapishwa 1570, na nyuma ya Palladio wako Warumi wa kale. Lakini nyumba ya kawaida ya Kijoji haikujengwa na watu waliofika Roma. Ilijengwa na mafundi waliokuwa na kitabu cha michoro mkononi, iwe London, Dublin au Annapolis kule Maryland, na ndiyo maana kanuni zake ni chache na zinashikika: mlango katikati, madirisha yaliyosawazika kushoto na kulia, kila dirisha juu ya mwenzake, na uwiano unaobadilika kadiri unavyopanda juu.

Hapo kwenye uwiano ndipo pa kuanzia. Chukua rula upime urefu wa madirisha ya kila ghorofa kwenye picha iliyopigwa kutoka mbele. Katika nyumba ya Kijoji madirisha hayalingani kwa urefu. Yale marefu kuliko yote yako kwenye ghorofa kuu, ambayo mara nyingi ni ile iliyo juu tu ya ghorofa ya chini, palipokuwa na sebule za kupokelea wageni. Juu yake kuna vyumba vya kulala na madirisha yanapungua. Chini ya paa, walikolala watoto na watumishi, dirisha linakaribia kuwa mraba. Mtu aliyepita njiani miaka 250 iliyopita aliweza kujua wageni wanapokelewa wapi na mpishi analala wapi bila kubisha hodi. Huo utaratibu wa cheo kwenye ukuta ndio moyo wa mtindo huu. Nguzo na mapambo ya mlangoni ni nyongeza, na kuna majengo mazuri sana ya Kijoji yasiyo na nguzo hata moja.

Kisha tazama kina cha dirisha. Baada ya moto mkubwa wa 1666, London ilianza kutunga sheria za kuzuia moto usiruke kutoka nyumba hadi nyumba. Sheria ya 1707 ilipiga marufuku kornisi za mbao zilizokuwa zikitokeza chini ya paa, na ya 1709 ikaagiza fremu za madirisha zirudishwe ndani ya ukuta kiasi cha inchi 4, yaani kama sentimita 10. Ya 1774 ikataka sanduku la mbao la dirisha lifichwe nyuma ya tofali. Hakuna kati ya sheria hizo iliyotungwa kwa ajili ya urembo. Lakini sentimita 10 hizo zilizaa kivuli chembamba kuzunguka kila dirisha, na kivuli hicho ndicho kinachoufanya ukuta wa Kijoji uonekane mnene na mtulivu. Wasanifu wa Kijoji mamboleo walikirudisha kivuli hicho kwa makusudi, katika mji ambao haukuwa na haja yoyote na sheria hizo za London. Ukikutana na jengo linalojiita la Kijoji na madirisha yake yamekaa usawa mmoja na uso wa ukuta, utaona mara moja jinsi lilivyo kama karatasi. Usitafute baraza wala ukingo mpana wa paa wa kukinga jua kama tulivyozoea huku kwetu. Ni mtindo wa nchi za mwanga hafifu, ambako kila mtu analitaka jua liingie.

Sasa tuje kwenye tofali, maana hapa Stanford White alifanya jambo ambalo ningependa ulichore kwa ukubwa kamili. Kwa kawaida fundi akilaza tofali hutazamisha ubavu mrefu nje, au hubadilishana, ubavu mmoja na kichwa kimoja. Pale Madison Avenue tofali zimelazwa vichwa vikitazama barabarani, upande ule mfupi. Mpangilio huo White hakuubuni. Zipo nyumba za karne ya 18 kule Annapolis zilizojengwa hivyo, na jumba hili linajulikana kuwa lilichota kwao. Fikiria maana yake kwa fundi na kwa mwenye fedha: kila mita ya ukuta inameza karibu mara mbili ya tofali za uso, na viungo vya chokaa vya kusimama navyo vinakaribia mara mbili. Kwa mbali ukuta unapata ngozi ya punje ndogondogo badala ya mistari mirefu ya mlalo, na ndani ya punje hizo White akachora nakshi ya maumbo ya almasi kwa tofali tupu, bila kuongeza jiwe wala plasta. Simama karibu utaona tofali. Rudi nyuma utaona kitambaa kilichofumwa. Ndiyo maana nakwambia ukuta huo si mtupu.

Hapo pia lipo jibu la nusu ya swali lako la kunakili. Nyumba za Annapolis zilisimama juu ya kuta zake, tofali likibeba tofali. Miaka ya 1900 New York ilikwisha kuzoea fremu za chuma, na tofali lilikuwa limeanza kuwa vazi. Aliyechagua mpangilio wa gharama namna ile wakati huo alichagua kwa ajili ya jicho, akijua anachofanya. White na wenzake walikuwa wameanza mapema. Mwaka 1877 yeye, Charles McKim na William Mead walifunga safari kwenye miji ya zamani ya pwani ya New England, Salem na Portsmouth ikiwemo, wakichora nyumba za enzi za ukoloni wa Waingereza. Mwaka mmoja kabla, Marekani ilikuwa imeadhimisha miaka 100 ya uhuru kwa maonyesho makubwa ya Philadelphia, na watu wakaanza kuzitazama upya nyumba za mababu zao. Kwa hiyo Wamarekani walipojenga hivi hawakuwa wanaiga Uingereza tu. Walikuwa wanatafuta ukoo wao, au ukoo waliotamani uwe wao.

Lakini kwa nini klabu, na kwa nini klabu hii? Klabu za kwanza za London zilikuwa nyumba hasa. Boodle's na Brooks's, zote kwenye mtaa wa St James's na zote za miaka ya 1770, zinakaa kwenye mstari wa mtaa kama nyumba za matajiri. Baadaye klabu zikataka ukuu. Travellers Club ya 1832 na Reform Club ya 1841, kazi za Charles Barry, zilivaa sura ya kasri la Kiitalia, na New York ikafuata: University Club ya McKim, iliyofunguliwa 1899, ni kasri la mawe lenye kifua. Hiyo ndiyo iliyokuwa sura ya klabu ya wanaume wenye mamlaka.

Colony Club ilikuwa ya wanawake. Florence Jaffray Harriman na wenzake waliianzisha 1903, na inatajwa kuwa klabu ya kwanza ya aina yake mjini humo iliyoundwa na wanawake kwa ajili yao wenyewe, ikiwa na jumba lake la kujengwa kwa viwango vya klabu za wanaume. Wazo hilo liliwaudhi wengi. Mwaka 1905, kuta za Madison Avenue zikiwa zinapanda, rais wa zamani Grover Cleveland aliandika kwenye gazeti la akina mama kwamba klabu bora na salama kuliko zote kwa mwanamke ni nyumba yake. Sasa litazame lile jumba tena. Wanawake waliokuwa wanaambiwa warudi nyumbani walijenga klabu yenye sura ya nyumba, tena nyumba ya heshima iliyotokana na zama za waasisi wa taifa, na ndani yake wakaweka mambo ambayo nyumba zao hazikuwapa: bwawa la kuogelea, ukumbi wa mazoezi, meza ya chakula ambayo hakuna mume anayekaa kichwani pake. Sisemi kwamba kamati ilikaa ikapanga hivyo neno kwa neno. Nasema msanifu mzuri hujua jengo lake litatazamwa na nani, na kwa maoni yangu sura ile iliwapa ngao.

Ndani alipewa kazi Elsie de Wolfe, mwigizaji wa jukwaani aliyeacha sanaa hiyo na kuingia kwenye upambaji wa nyumba. Hii ndiyo kazi iliyompa jina. Vyumba vya enzi hiyo vilikuwa vya mbao nyeusi, mapazia mazito ya mahameli na vitu vilivyorundikana hadi kona za mwisho. Yeye akaleta rangi nyepesi, pamba yenye maua na viti vya matete, na chumba kimoja akakizungushia kimia cha mbao cha kijani ukutani kana kwamba watu wanakunywa chai bustanini. Mwanga ulioingia kupitia madirisha marefu ya White ukapata mahali pa kutua. Ukiandika juu ya jumba hili usimwache nje kwa kuwa alikuwa mpambaji. Pale uso wa nje na vyumba vya ndani vinazungumza lugha moja. White hakuliona jumba likifunguliwa. Aliuawa kwa risasi Juni 1906, kwenye bustani ya juu ya paa la Madison Square Garden, jengo alilolichora mwenyewe.

Jumba la Park Avenue ni somo jingine kabisa, nalo ndilo ningelitumia kwa mchoro wako wa mkato, yaani ule unaoonyesha jengo kana kwamba limekatwa toka paa hadi chini. William Adams Delano na Chester Holmes Aldrich walisomea Paris, École des Beaux-Arts, mahali ambapo mwanafunzi alifundishwa kupanga njia za watu ndani ya jengo kabla ya kugusa mapambo. Utaona faida yake hapa. Hesabu yaliyomo: sebule, vyumba vya chakula, vyumba vya kulala wanachama, ukumbi wa dansi wa kimo cha ghorofa mbili, bwawa chini ya ardhi, ukumbi wa mazoezi ghorofa ya tano, viwanja viwili vya skwoshi, vyumba vya watumishi ghorofa ya sita, hata pahala pa kuacha mbwa wa wanachama. Kutoka bwawani hadi ukumbi wa mazoezi kulikuwa na lifti isiyosimama katikati, nadhani ili mwanamke aliyevaa nguo za kuogelea asikutane na wageni wa chakula cha mchana. Kamwe nyumba ya karne ya 18 haikuwahi kuulizwa maswali hayo.

Chora mkato wa jengo hilo hata kama ni wa kukisia kutokana na maelezo, kisha uweke kando ya uso wake. Jiulize ukumbi wa dansi wa ghorofa mbili umepata wapi madirisha yake, na jinsi msanifu alivyotumia cheo cha ghorofa kuu kuueleza kwa mtu aliye nje. Jiulize kiwanja cha skwoshi, ambacho kinataka kuta tupu pande zote, kinawezaje kukaa ndani ya ukuta unaodai dirisha kila baada ya hatua chache. Halafu fuatilia watumishi: wanaingilia wapi, ngazi yao iko wapi, chakula kinapandaje. Sehemu ya utulivu wa uso wa Kijoji inatokana na kazi iliyofichwa nyuma, na mwanafunzi anayechora ngazi kuu peke yake amechora nusu ya jengo. Usikwepe pia kuandika kwamba majumba haya yalikuwa ya watu wachache waliochaguana. Harmonie Club, ambayo White aliichorea jumba mwaka 1905, ilianzishwa katikati ya karne ya 19 na Wayahudi wenye asili ya Ujerumani waliokuwa hawapokelewi kwenye klabu za wenzao. Mlango mmoja ulio katikati ya uso uliosawazika ni mlango rahisi sana kuulinda.

Ukivuka mitaa miwili kutoka jumba la Colony la Park Avenue kwenda Fifth Avenue, utakuta Knickerbocker Club, ya haohao Delano & Aldrich, ya 1915, na ya wanaume. Angalia anwani yake: namba 2, mtaa wa 62 Mashariki. Jengo linatazama barabara mashuhuri kuliko zote mjini, lakini mlango umewekwa ubavuni. Kwa hatua hiyo moja, upande wa Fifth Avenue ukabaki na madirisha yake bila kukatizwa, na anayeingia haonwi na umati. Zamani barabara hiyo ilijaa majumba ya mawe meupe ya Kifaransa yaliyochongwa kila inchi. Tofali jekundu lenye mapambo machache lilijitenga nayo kwa kunyamaza. Kwangu mimi hilo ndilo jengo bora la Kijoji mamboleo New York. Wasanifu hao walipopewa Union Club, iliyokamilika 1933, walikuwa na ukubwa mwingi mno wa kushughulikia, na sura ya nyumba ikaanza kuwaponyoka.

Mahali unapoweza kuona waziwazi nyumba ikishindwa kuficha taasisi ni Harvard Club. McKim aliijenga 1894 kwenye mtaa wa 44, uso mdogo wa matofali, nadhifu. Wanachama wakaongezeka, na 1905 akaongeza nyuma ukumbi wenye kimo cha ghorofa tatu unaofika hadi mtaa wa 45. Ukafuata upanuzi mwingine uliokamilika 1915. Mbele unaona nyumba. Ukizunguka nyuma unaona ukuta mkubwa wa ukumbi. Naupenda ule wa nyuma kwa ukweli wake, na ningependa kujua wewe unaonaje.

Kwa hiyo, walinakili? Wapo walionakili, na kazi zao zimejaa kwenye vitongoji vya Marekani na Uingereza. Kipimo changu ni kutazama msanifu amebadilisha nini pale kanuni ya kale ilipokutana na lifti, umeme, bwawa na ghorofa ya sita. Aliyebandika nguzo mlangoni na kuacha mengine yajipange yenyewe amenakili. Delano alipofanya mapambo yake yawe membamba na bapa, karibu yazame ukutani, ili jengo kubwa lisionekane limelemewa, hilo hakulikuta kwenye kitabu cha michoro cha mtu yeyote.

Kuhusu kuingia ndani: jumba la Park Avenue bado ni klabu ya faragha. Lile la Madison Avenue tangu 1963 ni makao ya American Academy of Dramatic Arts, chuo cha uigizaji. Mwaka huohuo ndipo ilipoanza kubomolewa Pennsylvania Station, kituo cha reli kilichochorwa na kampuni ileile ya McKim, Mead & White, na uchungu wa bomoabomoa hiyo ulichangia mji kupata sheria ya kulinda majengo mwaka 1965; jumba la zamani la Colony likaingizwa kwenye orodha ya kulindwa mwaka uliofuata. Ukigusia utunzaji, zungumzia viungo vya matofali. Fundi akiziba viungo vya chokaa kwa saruji ngumu kuliko tofali, unyevu unakosa njia na uso wa tofali unaanza kubanduka. Mji Mkongwe wa Zanzibar una maradhi hayohayo kwenye kuta za mawe ya matumbawe zilizopigwa plasta ya saruji, na unaweza kwenda kuyatazama kwa boti ya asubuhi kabla hujaandika sura hiyo.

Anza na uso wa Madison Avenue kwa kipimo cha 1:50, bila kivuli wala rangi, kila dirisha na vioo vyake. Ukimaliza, chora mita moja ya mraba ya tofali zake kwa ukubwa halisi. Nitumie michoro hiyo miwili kabla hujaanza kuandika aya hata moja.